Madogo wa kar woshi, hii ndo namna ya kutoa gundi ya stika bila kula rangi

Nyie mnaoanza kar woshi au kwa fundi rangi, kazi itakayowagombanisha na wateja mapema kabisa ni ya kutoa stika, maana inaonekana ndogo na kila mtu anaikimbilia. Mteja kanunua gari iliyokuwa inatangaza biashara ubavuni, au uchaguzi umeisha zamani na sura ya mgombea bado iko mlangoni, kaivuta mwenyewe ikakatika, gundi imebaki imeshika vumbi nyeusi tii. Anakwambia fanya fasta nina safari. Ukifuata hiyo fasta yake umekwisha.

Juu ya rangi kuna klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi inayong'arisha gari, na kwa gari nyingi za kiwandani hiyo klia ni maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Kwa iyo kiwembe, msasa na stili waya weka mbali na bodi. Kiwembe ni cha kioo tu, tena kioo kikiwa na maji ya sabuni, na kioo cha nyuma hapana, zile nyaya nyembamba za kutoa ukungu ukizikwangua ndo basi.

Anza na joto. Peleka gari kivulini, chukua draya ya saluni, sio ile hitigani ya gereji inayotutumua rangi na kupinda bampa la plastiki, puliza huku unaisogeza sogeza, weka kiganja kwenye bati, ukiona mkono hauvumilii ujue umezidisha. Gundi ikilegea inua kona kwa kucha au kadi ya simu ya plastiki alafu vuta taratibu ukiikunja stika kurudi nyuma karibu na bodi, usiivute kukujia wewe, ndo inavyokatika na kuacha gundi yote chini. Ikipoa inagoma, rudisha draya, usishindane nayo. Kwa nembo na visa za madirisha (vile vikinga mvua vya plastiki juu ya dirisha) zilizoshikwa na dabo tepu pitisha mshipi wa kuvulia samaki kwa nyuma, uvute huku na huku kama unakata mkate, itaachia.

Sasa gundi iliyobaki. Osha kwanza vumbi litoke, manake mchanga ndo unaochora bodi. Alafu unaanza na kitu kipole: loweka mafuta ya kula, funika na nailoni, acha nusu saa, sugua kwa kidole au kitambaa laini, nyingi zinaviringika zenyewe. Ikigoma mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kwenye kitambaa nimesema, usimwage kwenye bodi, ukimaliza osha na sabuni. Ile inayobaki inanata nata malizia na spiriti. Petroli naona wengi wanaipenda, mi siitaki, inakauka kabla gundi haijalainika na kar woshi hapakosi mvuta sigara.

Thina ndo inayowaponza wengi. Rangi ya kiwandani au ya 2K (ile inayochanganywa na hadna ya kuigandisha) iliyokauka vizuri inaweza kuivumilia kidogo, lakini gari iliyopigwa rangi ya selulosi (ile inayokaushwa na hewa tu) huko mtaani inayeyuka hapo hapo mbele ya macho yako. Utaambiwa jaribu kwanza kwenye kifuniko cha mafuta, sawa, ila hizi gari za mtumba unakuta mlango mmoja umepigwa rangi upya na kwingine kote ni ya Japani, kwa iyo jaribu kwenye paneli ile ile unayoifanyia kazi, kule chini ukingoni. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari acha, hakuna klia hapo au rangi haijashika, mwite fundi rangi. Na taa za mbele ni plastiki, thina inazipasua pasua, usiguse.

Gundi ikiisha piga polishi kwa mkono, malizia na waksi maana mafuta ya kinga yote umeyatoa. Alafu kuna kivuli. Stika ikikaa miaka juani, rangi iliyokuwa chini yake inabaki mpya na ya pembeni imepauka, herufi zinasomeka hata stika haipo. Polishi inapunguza, saa ingine haimalizi. Mwambie mteja kabla hujagusa gari na kabla hamjapatana bei, ukimwambia baadae anasema wewe ndo umemchubulia.