Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu kanisa na akiba za maskini

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka, baba. Hapa Urambo hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili na mashimo ya mahindi shambani yameshika maji vizuri. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma, nikaurudia, nikakaa barazani mpaka kuku wakaingia kulala. Haujibiki kwa simu, ndiyo maana nimeomba karatasi kwa katibu wetu wa kikundi.

Uliuliza hivi: kanisa letu la Moravian lipo Urambo zaidi ya miaka mia moja, lina hospitali kule Sikonge, lina marafiki Ulaya, kwa nini lisiwagawie wakulima maskini mbegu na mbolea, badala ya kuwakusanya kila Jumatano chini ya mwembe na kuwaambia waweke akiba ya shilingi elfu mbili? Ukasema kumwambia asiye na kitu aweke akiba ni kumwongezea mzigo. Ukatuma laki tatu, ukaandika, "Wagawieni, Mama."

Nimefurahi kwamba ukiwa Dar bado unaumwa na njaa ya kijijini. Lakini kugawiwa tuligawiwa, na wewe ulikuwepo, labda ulikuwa mdogo mno kukumbuka.

Ulikuwa darasa la tatu. Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Msimu uliofuata ushirika wetu wa kanisa ukapokea msaada wa mbegu na mbolea, lori likashusha mbele ya kanisa, nasi tukapanga foleni kuanzia alfajiri. Nilirudi na kilo tano za mbegu na nusu mfuko wa mbolea, nikamshukuru Mungu kwa moyo wote. Kabla ya siku tatu kuisha, mbolea ya watu wengi ilikuwa inauzwa barabarani. Usiwahukumu, walikuwa na wagonjwa na madaftari ya watoto. Kilichonitisha ni mwaka uliofuata. Novemba mvua ikaanza, mashamba yakawa tayari, na watu wakakaa. Majembe yameegeshwa ukutani, safi. Ukimuuliza mtu anajibu, "Tunasubiri lori." Mimi nami nilisubiri. Nilikuwa na debe la mbegu ya kienyeji darini, nikaliacha huko mpaka katikati ya Desemba, kwa sababu mbegu ya lori ilikuwa bora. Lori halikuja. Mwaka huo tulikula michembe ya viazi hadi ikaisha, tukaazima kwa shangazi yako Kaliua.

Nilijilaumu sana kwa lile debe.

Halafu kumbuka tulikotoka. Babu yako alikuwa kijana mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoleta mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa hapa Urambo. Alikuwa akitusimulia matrekta yaking'oa miti siku kutwa, pori likalala chini kama nyasi. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea. Babu hakuwa mtu wa kulalamika, lakini jambo moja lilimkaa kooni hadi anakufa: baba yake alilima karanga kwenye udongo huu maisha yake yote, na hakuna hata mmoja kati ya waliokuja aliyemuuliza mvua ya kwetu inakujaje.

Baada ya karanga ikaja tumbaku, na hiyo unaijua, imekusomesha. Lakini unajua pia moshi wa bani la kukaushia, na kuni ambazo kila mwaka tulizifuata mbali zaidi. Pembejeo tulikopeshwa kwa kufuata hesabu zilizoandikwa na wengine, jani likapangwa daraja na wengine, bei wakaitaja wengine. Mwaka ule ng'ombe wetu wawili walipouzwa nilikwambia ni kwa ajili ya ada. Leo nikuambie ukweli. Baba yako alikuwa amemaliza deni lake lote katika chama chake cha tumbaku. Wenzake wawili walishindwa kulipa, na kwa kuwa dhamana ilikuwa ya kundi, deni lao likakatwa kwenye marobota yake. Alirudi kutoka sokoni na karatasi mkononi, akaiweka mezani, akalala bila kula.

Kwa hiyo mchungaji aliyehamia kwetu baadaye aliposimama na kusoma habari za yule mjane katika 2 Wafalme 4, ambaye mdai wake alikuwa anakuja kuwachukua wanawe, nilisikiliza kama anasoma habari za nyumbani kwangu. Nabii Elisha hakumpa fedha. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mchungaji akafunga Biblia, akatuuliza hilo hilo: "Na ninyi mna nini?"

Watu walikasirika, baba. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema tumekuja kusali, hatukuja kukaguliwa. Mwingine akasema tuna njaa, andika hiyo. Mchungaji hakujibizana nao. Alirudi Jumatano, akarudi Jumatano nyingine, akiwa na kijiti, akituomba tuchore kijiji chetu mchangani. Tukachora visima, mabonde, pori lililobaki, nyumba zenye samadi, watu wanaojua kuchonga mizinga. Mchoro ulipomalizika ulikuwa mkubwa kuliko kivuli cha mwembe. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini na ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa na mtu yeyote, wa serikali, wa kampuni au wa dini, sisi tunajua nini.

Hilo ndilo jibu langu kwa sehemu kubwa. Mengine yanafuata kutoka hapo.

Kilimo cha mashimo, kwa mfano. Mwalimu aliyekuja kutufundisha alisema kilisambazwa na mkulima wa Zimbabwe, Brian Oldreive, aliyekuwa analima tumbaku akaiacha kwa sababu ya imani yake, na miaka ya 1980 akaanza kulima mahindi bila kupindua ardhi. Unanyoosha kamba yenye mafundo, sentimita 75 mstari na mstari, 60 shimo na shimo, kina 15. Kila shimo linapata konzi ya samadi, kisha mbegu tatu, zikiota unapunguzia zibaki mbili. Juu unatandaza mabua na nyasi ulizokuwa unachoma, wenyewe wanaita blanketi la Mungu. Mimi nilianza na robo ekari. Ni mashimo zaidi ya 2,200, mwanangu, nimeyachimba kwa jembe la mkono Septemba ardhi ikiwa kavu kama tofali, na mgongo ulinikumbusha kila shimo. Anayekwambia kazi hii ni nyepesi hajaifanya. Mchwa walikula nusu ya matandazo, na ng'ombe wa wafugaji wakapita usiku wakala mengine. Lakini mvua ilipokatika wiki tatu mwezi wa pili, nilifunua yale matandazo kwa kidole, chini yake udongo ukawa mbichi, na mahindi yangu hayakunyauka. Nilipata gunia tatu mahali ambapo hapajawahi kunipa zaidi ya gunia moja na debe. Mwaka wa pili mashimo ni yale yale, unayafukua tu.

Sasa sanduku la akiba, ambalo ndilo lililokukwaza.

Ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu wasio wa nyumba moja. Mmoja wao ni mimi. Wangu naufunga kwenye pindo la kanga. Mtindo huu wa akiba ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa kijijini, umetufikia huku kwa njia nyingi, na kanisa halikuubuni. Limeupa mwembe, katibu na hofu ya Mungu. Kila Jumatano mtu ananunua hisa, moja hadi tano. Fedha inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Anayekopa anasema mbele ya wote anakopa kwa ajili gani.

Unauliza elfu mbili inamsaidiaje maskini. Njoo mwezi wa sita uone. Mahindi yamejaa, ada inadaiwa, mtoto anaumwa, na mchuuzi amesimama mlangoni na gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo. Unauza kwa bei anayotaja yeye. Mwezi wa pili unanunua mahindi hayo hayo, pengine kwa bei mara mbili, na huna fedha, kwa hiyo unakwenda kulima kibarua shambani kwa mwingine wakati shamba lako linaota magugu. Mwaka unaofuata unavuna kidogo zaidi. Mzunguko huo ndio unaotufanya maskini, na mfuko mmoja wa mbolea ya bure hauukati. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo alikopa elfu themanini mwezi wa sita, akamtibu mtoto, gunia zake nane zikabaki ndani. Aliuza sita Januari. Amejenga nyumba ya tofali za kuchoma na bati, nilikwenda kumpongeza.

Ila kuweka mahindi hadi Januari kunataka kumshinda dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Unajua kwamba mdudu huyu alitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Afrika hapa kwetu mkoani Tabora, mwaka 1981? Kwao ni Amerika ya Kati, na wengi wanaamini aliingia na shehena za mahindi kutoka nje. Wazee walimwita Scania kwa jinsi alivyokuwa anabomoa. Mimi namkumbuka: unafungua kihenge, unaingiza mkono, unatoka na unga mkavu usiofaa hata kwa kuku. Siku hizi tunatumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka za nailoni ndani, unaifunga kila tabaka peke yake na mdudu anakosa pumzi. Mfuko mmoja una bei kuliko sandarusi ya kawaida, na hapo ndipo wengi wanakwama. Kumbuka hili, nitalirudia.

Uligusia pia kwamba mambo ya samadi na hisa si kazi ya kanisa. Wamisionari wa kwanza wa Kimoravian, waliotumwa kutoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, walikuwa mfinyanzi na seremala. Waliopokea kituo hiki cha Urambo mwaka 1898 kutoka misheni ya London waliingia katika kanisa lililozoea mikono yenye udongo. Mimi sioni aibu kutoka kwenye meza ya Bwana na kwenda kupima mashimo.

Lakini kuna mahali ulisema kweli, na imenichoma.

Kuna bibi mmoja wa ukanda wetu, analea wajukuu wanne, mama yao alikwishafariki. Alianza nasi. Alileta hisa moja, moja, kisha akakosa Jumatano mbili. Kanuni yetu ilisema asiyeleta anatozwa faini. Akakosa tena. Halafu hakuonekana hata ibadani. Sisi, watu wa kanisa, tulikaa miezi minne tukihesabu fedha chini ya mwembe, na nyumba yake inaonekana kutoka pale. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta anachemsha matembele bila chumvi. Akaniambia, "Naona aibu kuja kwa Mungu nikiwa na deni la faini." Sijawahi kulia mbele ya mtu kama nilivyolia siku ile.

Tulifuta ile faini Jumatano iliyofuata. Nilisema wazi kwamba kosa ni letu, na mimi mwenye ufunguo nina sehemu kubwa. Sasa kila mmoja anatoa mia tano ya mfuko wa jamii kabla ya hisa. Shamba la ushirika tunalichimba mashimo pamoja, na mavuno yake yanapelekwa kwa watu kama bibi yule, jioni, bila kutangazwa madhabahuni. Kwao wao, ndiyo, tunagawa. Mzee, mgonjwa, mlezi wa yatima, hao usiwaulize wana nini kabla hujapeleka unga. Na bibi huyo huyo, aliporudi, ndiye aliyetufundisha kuhifadhi mbegu ya kunde kwa majivu na pilipili kavu. Tungeendelea na faini yetu tusingejua.

Kuhusu laki tatu zako. Sikuzigawa, na sikuzificha. Nilisoma ujumbe wako wote mbele ya kikundi, pamoja na maneno yale makali. Walinyamaza, wakajadili mpaka giza likaingia. Wameamua laki moja iingie mfuko wa jamii. Laki mbili zinunue ile mifuko isiyopitisha hewa. Kila atakayechukua atairudisha bei yake akishauza Januari, na fedha hiyo itanunua mingine. Wamekushukuru, na mzee yule aliyekataa kukaguliwa ndiye aliyekuombea.

Wana ombi pia. Katibu wetu anaandika vizuri lakini hesabu za kugawana akiba mwisho wa mwaka zinamlaza macho, na mwaka jana tulirudia mara tatu. Wewe unashinda na vitabu vya hesabu. Uje Desemba, treni itakushusha hapa hapa, ukae naye Jumatano mbili na lile daftari.

Na jambo dogo. Kufuli la pili limeshika kutu. Ukipita Kariakoo tununulie moja la shaba, dogo, lenye funguo mbili. Uje na risiti, utarudishiwa fedha yako kutoka kwenye sanduku, katibu ameshaiandika.

Mama yako