Kilo ya Nini? Nilivyojikwaa Nikiitathmini Sekta ya Kahawa

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniandikia akiuliza aanzie wapi, kwa kuwa ametakiwa kutathmini sekta nzima ya zao la biashara. Ujumbe wake ulinirudisha kwenye siku ambayo hadi leo inaniuma, nilipowasilisha tathmini yangu ya sekta ya kahawa mbele ya wahadhiri.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kadhaa. Hoja yangu kuu ilikuwa kwamba wafanyabiashara wa kati humnyonya mkulima, na jedwali la kuithibitisha nilikuwa nalo: upande mmoja bei ya kilo anayolipwa mkulima, upande wa pili bei ya kilo katika soko la dunia, na kati yake pengo la kutisha. Mhadhiri mmoja aliniuliza swali moja tu: kilo ya nini? Nikakosa jibu. Mkulima niliyemwandika aliuza matunda mabivu, ilhali soko la dunia hununua punje zilizokwisha kumenywa, kukaushwa na kukobolewa, na huhitajika takribani kilo 5 hadi 6 za matunda ili kupata kilo 1 ya punje hizo. Zikikaangwa, uzito hupungua tena kwa asilimia 15 hadi 20 hivi. Sehemu kubwa ya pengo nililoliita wizi ilikuwa maji na maganda.

Unyonyaji upo, wala sijaacha kuusema. Lakini anayemtetea mkulima kwa hesabu mbovu humdhuru mkulima huyohuyo, kwa maana huwapa wapinzani wake sababu ya kutomsikiliza.

Kosa langu la pili lilikuwa mwaka wa kuanzia. Nilianza na 1977, bei ilipokuwa kileleni baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuunguza mibuni ya Brazili, na kwa hiyo kila mwaka uliofuata ukaonekana kuwa wa maafa. Aidha, sikutaja kabisa kwamba mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya nje ulivunjika na bei zikaporomoka. Nililaumu uvivu wa wakulima kwa mavuno yaliyopungua, bila kujiuliza ni nani angenunua mbolea kwa bei zile. Hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Niliiandika upya ripoti yote. Kila uzito niliugeuza kuwa wa punje mbichi, yaani zilizokobolewa lakini hazijakaangwa, kila bei nikaitafutia kipimo na mwaka wake, na sura ya mgawanyo wa mapato, iliyoniaibisha mara ya kwanza, ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Ninajivunia sura hiyo.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, kabla hujaandika hoja yoyote, chora safu ya vipimo pembeni mwa kila tarakimu. Ikiwa zao lako ni pamba, tenganisha pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado ina mbegu zake, na pamba nyuzi, kwa sababu nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito wa pamba mbegu au zaidi kidogo. Ikiwa ni miwa, kumbuka kwamba takribani tani 10 za miwa hutoa tani 1 ya sukari. Jiulize kila mara: kilo ya nini, ya mwaka gani, imepimwa katika hatua ipi? Ukiisha kuijaza safu hiyo, niandikie tena, tuzungumzie hoja yenyewe.