Mjukuu anakula pencheni ya bibi

SWALI: Asalam alaykum, nipo Wete, Pemba, bi mkubwa wetu ana miaka 76, kila akipokea pencheni jamii (ile ya Serikali kwa wazee) mjukuu wake keshamngoja mlangoni, anazibeba zote anamwachia za tambuu tu. Tukisema tunaambiwa mambo ya ndani hayo. Sheria ipo kweli?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Ipo, ya mambo ya wazee ya Zanzibar, ya 2020. Na pencheni yenyewe, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi ikapandishwa ikawa 50,000, ni ya kila mzee wa Zanzibar aliyefika miaka 70, haki yake yeye sio ya ukoo (mambo ya ndani gani hayo, huo si wizi!). Mwambieni sheha (kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu), akikuzungusheni nendeni ustawi wa jamii wilayani. Bibi akipigwa, polisi moja kwa moja.