Mashine ya Vyombo Ikigoma Kutoa Maji, Usianze na Pampu

Ukifungua mashine ya kuoshea vyombo ukakuta maji ya mafuta yamesimama chini, wengi watakwambia pampu imekufa. Usikubali haraka. Huku Marekani ninakoishi, nyumba nyingi unaikuta mashine hiyo imeshafungwa jikoni, nami nimeinamia yangu na za majirani wa kutosha kujua kwamba mara nyingi pampu ni nzima, ila njia ya maji imeziba. Ifuate njia hiyo kabla hujatoa pesa.

Maji kidogo yakibaki kwenye kishimo kilicho chini ya chujio, yaache. Yanasaidia mipira ya ndani isikauke. Yakipanda juu ya chujio na kuenea, hapo kuna shida.

Zima umeme wake kwenye kisanduku cha swichi, chota maji kwa kikombe, malizia na sponji. Toa kapu la chini, kisha zungusha chujio kinyume cha mwendo wa saa ulichomoe. Jikoni zetu sisi zina mabaki yake: ukoko wa ugali, punje za wali, maganda ya iliki, vijiti vya mdalasini, miiba ya samaki. Wanga uliolowa hunata kama gundi, na mafuta ya mchuzi yakipoa huganda juu yake. Sugua chujio kwa mswaki mkuukuu, maji ya moto na sabuni. Kabla ya kuingiza mkono kwenye kishimo vaa glovu nene, maana vipande vya glasi iliyovunjika hupenda kujificha humo. Na kuanzia hapo kwangua kila sahani kabla ya kuipanga. Si lazima kuiosha, kuikwangua kunatosha.

Ikiwa bado maji hayatoki, kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote. Chini ya sinki utaona mpira wa kutolea maji ulipoungwa. Weka taulo, legeza kibano, uchomoe, uingize kwenye ndoo na umwombe mtu aushike. Rudisha umeme, kisha iamuru mashine itoe maji. Yakimwagika ndooni kwa nguvu, mashine haina kosa, kizuizi kiko upande wa sinki. Yakichuruzika tu, tatizo liko kwenye mpira au ndani ya mashine. Kazi hii fupi inakuepusha kubomoa kitu kizima.

Upande wa sinki, kama chini yake kuna kile kinu cha umeme cha kusagia mabaki ya chakula na kimefungwa juzijuzi, uliza kuhusu kizibo. Kinu kipya huja na kizibo kwenye tundu la kuungia mpira wa mashine, na mfungaji asipokitoa, maji hayana pa kupita. Kinatolewa kwa bisibisi na nyundo umeme ukiwa umezimwa, halafu lazima ukiokote ndani ya kinu.

Upande wa mpira, tazama kama umekunjwa au umebanwa na ukuta. Unatakiwa kupanda juu hadi karibu na chini ya meza ya jikoni iliyo juu ya mashine, kabla ya kushuka kwenye muungano wake. Ukilala chini mwanzo hadi mwisho, maji machafu ya sinki yanaweza kurudi kwenye vyombo, na utadhani mashine haikuyatoa.

Sasa ndiyo uisikilize pampu. Ikinguruma bila kusukuma maji, huenda kuna mfupa au kijiti kimekwama kwenye feni yake. Mashine nyingi za Ulaya zina kifuniko kidogo chini ya chujio cha kukufikisha hapo. Ikiwa kimya kabisa, hiyo ni kazi ya umeme, mwite fundi. Soma na kioo kidogo cha mbele: Bosch huonyesha E24 au E25, LG huonyesha OE, na zote zinahusu kutoa maji.

Nakuomba sana, usimwage dawa kali ya kuzibulia mabomba ndani ya mashine. Inaweza kuharibu mipira, na ukija kuchota maji hayo yatakuunguza mikono.

Kama nyumba ni ya kupanga, safisha chujio, kisha mwandikie mwenye nyumba ukiambatisha picha ya maji yaliyosimama. Kwa kawaida mashine iliyokuja na nyumba ni yake kuitengeneza, na ukifungua pampu mwenyewe anaweza kukudai gharama.