Mbwa mzee asiyesikia: tuwasiliane naye vipi?

Swali: Daktari, shikamoo. Simba, mbwa anayelinda nyumba yetu hapa Maweni, Malindi, ana miaka 12. Siku hizi tukimwita haji, na akiguswa usingizini hugutuka na kutaka kuuma. Baba hamgusi kwa ajili ya twahara ya sala. Je, huu ni ukaidi? Umri huu bado anaweza kufundishwa ishara?

Jibu: Marahaba. Huo si ukaidi, na ninawaomba msimwadhibu. Mbwa anapozeeka, chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti hufa kidogo kidogo wala hazioti tena, na kwa kuwa yeye huendelea kufuata macho, pua na mienendo ya watu, wenyewe huchelewa sana kutambua. Hata hivyo, kwanza achunguzwe na daktari wa mifugo, kwani nta iliyoganda, usaha au kupe huweza kuziba sikio, na hayo hutibika. Msimtilie matone kwa kukisia: dawa kama gentamisini huweza kuharibu usikivu zaidi iwapo kiwambo cha sikio kimetoboka.

Kufundishika, anafundishika. Anzeni kwa kumzawadia kipande cha samaki asiye na miba kila anapowatazama kwa hiari yake, maana asiyekutazama hataiona ishara yako. Kisha chagueni ishara chache za mkono mmoja, ambazo nyumba nzima itazitumia vilevile: mkono ulionyooshwa na kurudishwa kifuani ni «njoo», kiganja kinachoshuka ni «keti». Ziwe pana, kwa sababu mbwa hutambua kinachosogea kuliko kilichotulia. Usiku, mwangaza wa tochi umulikwe ardhini mbele yake, kamwe usielekezwe machoni.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kumwamsha. Kukanyaga sakafu ya saruji hakumfikishii mtikisiko wa kutosha, kwa hiyo msikutegemee. Baba achukue kipepeo cha ukindu, asimame upande wa kichwa, mbali kidogo, apepee hewa taratibu hadi harufu yake imfikie mbwa puani. Mwenyewe atainua kichwa bila kushtuka, na hakuna aliyemgusa. Anayeweza kumgusa amguse begani, pahali palepale kila siku, na chakula kifuate papo hapo, ili mguso ule umaanishe jema. Malazi yake yawe pembeni ambapo hapiti mtu nyuma yake, na watoto wasimsogelee akiwa amelala. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama Simba amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Nje ya geti afungwe kamba daima, kwani yeye hazisikii tena bodaboda na tuktuk. Akianza kujigonga kwenye vitu, au kubweka usiku kama aliyepotea, mrudisheni kwa daktari, kwa sababu huenda macho au ubongo navyo vimeanza kuchoka, na hapo ishara zitahitaji kubadilishwa.