Arusha hadi Seronera: gari binafsi au ndege ndogo?

Swali: Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 9 na 6, na baba mkwe wa miaka 72 mwenye matatizo ya mgongo. Tunatoka Dar kwa ndege na kufika uwanja wa Arusha (Kisongo) saa 5 asubuhi, tunakwenda Seronera, katikati ya Serengeti, kwa usiku tatu. Tumepewa bei mbili, moja ya Landkruza binafsi na nyingine ya ndege ndogo mpaka Serengeti. Wa gari anasema ni safari ya saa 8, wa ndege anasema ya saa 1. Tuchague ipi? Halafu mbona ndege ya Dar wameniruhusu kilo 23 na hii wanasema 15 tu?

Jibu: Dada, wote wawili wamekwambia kweli, lakini hakuna aliyekuhesabia siku yako. Kwa saa uliyotaja ya kufika Kisongo, safari ya gari mpaka Seronera siku hiyohiyo haiwezekani.

Arusha hadi Seronera ni kama kilomita 335. Lami inapita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, inaishia geti la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Kipande hicho kinachukua saa mbili na nusu hadi tatu, maana kila kijiji ni 50 kwa saa na trafiki wapo. Baada ya Lodoare ni barabara ya vumbi: unapanda ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi ukungu ni mzito kiasi cha kumlazimu dereva kutambaa. Kisha unateremka kuelekea Olduvai hadi Naabi, geti la Serengeti. Kutoka Naabi kwenda Seronera ni karibu saa nzima nyingine, na ndani ya hifadhi mwendo mkubwa kabisa ni 50.

Sasa piga hesabu. Ndege inatua saa 5, mizigo na vitafunwa, mnaondoka Kisongo saa 6 mchana. Lodoare mtafika saa 9 alasiri, na bado kuna karatasi za getini. Mageti hufungwa saa 12 jioni. Dereva atakayekuahidi kufika ama atakimbiza gari kwenye vumbi na mzee wa mgongo ndani, ama anajua mtalala njiani na hajakwambia. Kwa gari, usiku wa kwanza ni Karatu. Kwa hiyo unalinganisha usiku mbili Seronera kwa gari na usiku tatu kwa ndege. Hilo ndilo jambo la kwanza kulipima, kabla ya bei.

Na ile saa moja ya ndege? Ni saa ya angani tu. Ndege za ratiba za porini zinafanya kazi kama daladala: zinashusha na kupakia njiani. Leo inaweza kwenda moja kwa moja, kesho ikatua Manyara kwanza au ikupitishe kiwanja kingine cha Serengeti kabla ya Seronera. Ndiyo maana muda wa kuondoka huthibitishwa jioni ya siku iliyotangulia. Uwe na nafasi ya angalau saa mbili kati ya kutua kutoka Dar na kupaa tena, na kama tiketi ni za kampuni mbili tofauti, ongeza. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, na viwanja vya porini ndege hutua mchana tu.

Kilo 15 si ubahili. Ndege inayotumika sana ni Cessna Caravan, yenye injini moja na viti kama 12. Uzito wake wa juu wa kupaa ni takriban kilo 3,970. Ukiondoa ndege yenyewe na marubani, inabaki kama tani moja na nusu ya kugawana abiria, mizigo na mafuta. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya bahari; jua likichoma hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na rubani anapunguza anachoweza kukipunguza. Hizo 15 kwa kawaida zinajumlisha na mkoba wa mkononi. Begi liwe laini, lisilo na fremu wala magurudumu magumu: mizigo mingi huingia kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, lenye milango midogo, na sanduku gumu la safari haliingii hata likiwa na kilo 10. Ukishindwa kabisa, kampuni nyingi hukuuzia kiti cha ziada kwa ajili ya mzigo. Ulizia mapema, usisubiri mizani.

Jambo wanalolisahau wengi ni hili: gari la kwenda Serengeti halimalizi kazi likifika. Ndilo litakalowatembeza kutazama wanyama. Mkienda kwa ndege mtashuka kwenye kiwanja cha changarawe bila usafiri, na lazima gari la kambi liwapokee, nalo lina bei yake kwa siku. Au mlitume gari lenu litangulie tupu jana yake, jambo linalogharimu siku nzima ya dereva na mafuta.

Tuchukue namba za mfano tu, wewe uweke zako. Gari na dereva na mafuta: shilingi 600,000 kwa siku. Tiketi: 500,000 kwa mtu kwa upande mmoja. Gari siku nne, kwenda na kurudi na kutembeza wanyama, ni milioni 2.4. Ndege kwenda na kurudi kwa watu watano ni milioni 5, ongeza gari la kambi siku tatu, milioni 1.8: jumla 6.8. Mngekuwa wawili, ndege ingekuwa 3.8 dhidi ya 2.4 ileile, na hapo ningesema jikazeni mpande ndege mpate usiku wa tatu. Bei ya gari ni ya kundi, ya tiketi ni ya kichwa. Watoto wana punguzo kwenye kampuni nyingi, lakini haligeuzi hesabu hii.

Kiingilio kwa raia hakitayumbisha uamuzi. Mngekuwa na mgeni kutoka nje, ingekuwa hoja nyingine: kukatiza Ngorongoro hulipiwa hata kama hamshuki garini, na mkirudi kwa njia ileile baada ya saa 24 analipa tena. Vibali vyenu vilipwe kwa kontrol namba kabla ya safari, maana foleni ya getini inaweza kula saa nzima, na pesa taslimu hazipokelewi.

Tuje kwa baba mkwe. Kinachoumiza mgongo si umbali, ni ile migongo ya barabara iliyopangana kama bati, kati ya Lodoare na Naabi na kuendelea. Gari lenye shokapu zilizochoka linatikisa kila pingili. Usikubali Noah kwa sababu ni nafuu. Itafika Lodoare bila shida, baada ya hapo ndipo mtakapojuta. Mweke mzee kiti cha mbele au safu ya nyuma tu ya dereva, kamwe si safu ya mwisho, kwa kuwa iko juu ya eksele ya nyuma na inarusha kuliko zote. Mto mdogo nyuma ya kiuno, na asimame kila saa moja na nusu. Pia mwambie dereva apunguze upepo wa tairi kidogo akimaliza lami na aujaze tena akirudi. Gari linalainika kweli, na pancha hupungua.

Ndege nayo ina adha yake. Mlango wa abiria uko nyuma kulia, ngazi ni nyembamba na imesimama, na ndani mtu mzima hatembei wima. Mzee atapanda ameinama. Choo hakuna. Watoto wanaotapika wasiruke mchana jua kali, kwani hewa ya moto inayopanda huitikisa ndege. Asubuhi ni tulivu zaidi. Mkienda wakati wa masika, Machi hadi Mei, mjue kiwanja cha changarawe kikilowa rubani anaweza kutua kiwanja kingine, ilhali gari litachelewa lakini litafika.

Ushauri wangu: nendeni kwa gari, mlale Karatu. Adha ya mgongo mtaigawa mara mbili: lami siku ya kwanza, na asubuhi ya pili, mkiwa mmepumzika, ile sehemu mbaya ya saa nne hivi. Ondokeni Karatu saa 12 asubuhi, Seronera mtakuwa mmefika kabla ya chakula cha mchana. Tatizo liko kwenye kurudi, ambako barabara yote mtaila kwa mkupuo mmoja wa saa 8. Hapo mnunulie baba mkwe tiketi ya ndege, na mmoja wenu amsindikize: milioni moja juu ya zile 2.4. Wote mkirudi kwa ndege inakuwa 4.9, na gari bado litarudi Arusha tupu kwa gharama yenu.

Watakaorudi kwa gari waondoke Seronera alfajiri geti likifunguliwa, watafika Arusha kama saa 9 alasiri. Ndege ya Dar isiwe kabla ya saa 12 jioni. Pancha mbili tu zinatosha kula saa za akiba mlizojiwekea. Wa ndege watatangulia, wawasubiri mjini.

Kabla ya kulipa, mwenye gari akujibu haya kwa maandishi: spea tairi ni mbili, na zote zina upepo? Mikanda ipo kila kiti? Ada ya gari kuingia hifadhini na Ngorongoro imo kwenye bei? Posho ya dereva na malazi yake analipa nani? Tenki litajazwa Karatu? Mafuta Seronera yapo, lakini bei ni ya juu.

Mizigo imejitatua yenyewe. Masanduku yote yaende na kurudi na gari, yafunikwe kwa nailoni, maana vumbi la Ngorongoro ni laini kama unga na linapenya zipu. Kwa wale wawili wa ndege, wekeni begi laini moja moja, mzipime nyumbani zisizidi kilo 13. Dawa za mzee ziwe kwenye begi lake, zisiende na gari.