Mnaoanza na data za Zuhura, msifute mistari "mibovu"

Kila kundi jipya likifungua data za chombo kikubwa cha Pioneer Venus, msafara wa NASA ulioshusha vyombo vinne kwenye Zuhura, haipiti wiki kabla mtu hajaja mbio na grafu: "Mwalimu, Zuhura ina methani!" Wanangu, hamu hiyo naipenda, ila methani hii tumeshaizika mara nyingi. Kabla hamjaifukua tena, someni haya.

1. Jueni kifaa kilibeba nini. Spektromita ya masi, yaani kifaa kinachotenganisha gesi kwa uzito wa molekuli zake, iliondoka duniani na methani yake ya kujisawazishia. Itoeni hiyo kwanza.

2. Msifute. Hapa ndipo ninapoumia. Tarehe 9 Desemba 1978, chombo kikishuka, matone ya asidi ya salfuriki yaliziba mrija wa kuingizia hewa karibu kilomita 50 juu ya ardhi, na haukuzibuka mpaka karibu kilomita 28. Kwenye data, kaboni dioksidi inaporomoka ghafla, kana kwamba angahewa imetoweka. Kijana anaona uchafu, anafuta mistari yote, ananiletea grafu laini kabisa. Nimeipokea grafu hiyo tena mwezi huu, na moyo ukaniuma, kwa sababu kilichofutwa ndicho kitu cha thamani kuliko vyote. Lile tone lilipopashwa joto lilitoa maji yake ndani ya kifaa, mengi kuliko ambayo hewa kavu ya Zuhura ingeweza kutoa. Tazameni masi 18, yaani maji ya kawaida, kisha 19, maji yenye haidrojeni nzito. Hapo ndipo mwanasayansi Donahue na wenzake, mwaka 1982, walipoiona haidrojeni nzito ikiwa karibu mara 100 ya uwiano wa duniani. Haidrojeni nyepesi ilitorokea angani, nzito ikabaki. Kwa hiyo zamani Zuhura ilikuwa na maji mengi zaidi. Hoja nzima hiyo imetoka kwenye mrija ulioziba, nanyi mnaifuta kwa kitufe kimoja!

3. Masi 28 ni nitrojeni na kaboni monoksidi pamoja, na kaboni dioksidi ikivunjika ndani ya kifaa huongeza kaboni monoksidi nyingine.

4. Chini ya kilomita 12 vipima joto vya vyombo vyote vinne vya Pioneer Venus viliacha kufanya kazi. Namba mnazozikuta hapo ni makadirio. Chukueni za Vega 2, chombo cha Wasovieti cha Juni 1985, kilichopima mpaka ardhini. Mtaona kilomita 7 za mwisho joto linabadilika kwa namna isiyotarajiwa. Wapo wanaosema sababu ni nitrojeni kupungua kuelekea chini, wengine hawakubali. Hapo ndipo nataka mnijie mbio na grafu.